Nilishiba Kila Siku, Damu Ikapungua

Juma lililopita nilipokea majibu ya maabara yaliyoonyesha kuwa wekundu wa damu yangu umefikia gramu 12.8 kwa desilita. Siku hiyo hiyo msomaji mmoja akaniandikia akitaka kujua anunue unga gani wa virutubisho ili uchovu umwishe. Nitamjibu kwa urefu, kwa sababu swali lake ndilo nililojiuliza miaka miwili iliyopita, na jibu nililopewa wakati ule lilimeza mshahara wangu wa mwezi mzima.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi, na sijawahi kulala njaa. Asubuhi nilikunywa chai ya rangi kwa chapati mbili, saa nne vitumbua na kikombe kingine, mchana ugali kwa maharage yaliyosindikizwa na kikombe cha tatu, na jioni, kwa kuwa nilichoka mno kuwasha jiko, nilipitia chipsi mayai njiani. Nguo zilinibana na kila aliyeniona alisema nimenawiri. Hata hivyo, sikuweza kupanda ngazi za shule bila kusimama katikati nikihema, moyo ukinienda mbio.

Katika ofisi ya walimu walisema ni uvivu. Neno hilo sijalisahau, wala sioni sababu ya kulisahau.

Muuzaji mmoja aliniuzia makopo matatu ya unga, akanihakikishia kuwa utasafisha damu. Siku niliyoanguka darasani nilikuwa nimemaliza mawili. Hospitalini walikuta gramu 7.9, ilhali kwa mwanamke asiye mjamzito kiwango hakipaswi kushuka chini ya 12. Daktari alinipima minyoo na mengine kadhaa, kisha akaniomba nitaje kila ninachokula na kunywa tangu asubuhi. Nilipofika kikombe cha tatu aliweka kalamu chini.

Alinieleza kwamba chai, na hata kahawa yetu ya mlimani, ina kemikali zinazoyashika tumboni madini ya chuma, ambayo mwili huyahitaji ili kutengeneza damu, na kuuzuia usiyafyonze, hasa yale yatokanayo na maharage na mboga, ambayo hata bila chai hufyonzwa kwa shida kuliko ya nyama. Vitamini C hufanya kinyume chake: ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga, au pera linaloliwa pamoja na mlo, huyasaidia madini hayo kuingia. Kwa hiyo maharage yangu yalikuwa chakula kizuri, lakini niliyaharibu kwa kikombe kilichokaa kando ya sahani.

Nilipewa vidonge vya madini ya chuma, nikavimeza kwa miezi. Kilichobaki alikifanya mama yangu kule Kibosho, ambaye aliposikia habari hizi aliniuliza, "Mwanangu, huko shuleni walikufundisha kusahau mnafu?" Nikarudia mnafu, mboga yetu ya majani, kiburu cha ndizi na maharage, mtori wenye nyama ya kweli na dagaa wa kukaanga, na chai nikaisogeza hadi saa moja au zaidi baada ya kula.

Ndugu zangu, tunapenda kusema mlo kamili ni wa wenye fedha, nami nilisema hivyo huku nikinunua chipsi kila jioni. Nendeni sokoni Mbuyuni mkalinganishe bei ya sahani moja ya chipsi na ya mafungu ya mchicha, kipimo cha dagaa na ndimu mbili. Wanga peke yake hushibisha, na shibe hiyo ndiyo iliyonidanganya; sahani inahitaji pia mikunde au kitoweo, mboga na tunda, na chai isubiri. Narudia: chai isubiri.

Nawe uliyeniandikia, usinunue kopo lolote kabla ya kupimwa, kwa kuwa uchovu una vyanzo vingi na wako huenda si kama wangu. Ukienda kwa daktari, mpelekee orodha ya ulivyokula kwa siku tatu, na vikombe uvihesabu.