Ukienda kutembelea makao ya watoto India

Watanzania wengi tunaofika Chennai tunaletwa na ugonjwa, wetu au wa ndugu. Kati ya kliniki moja na nyingine siku huwa ndefu, mgonjwa amelala, na mtu aliyezoea shughuli anaanza kutafuta pa kwenda. Ndipo linapokuja wazo la kwenda kuwaona watoto yatima. Mimi nilipelekwa na mama mwenye nyumba tuliyopanga, na tangu hapo wenzangu wanaokuja kuuguza huniuliza wabebe nini. Pipi, nawaambia, acheni kwanza.

Kitakachokushangaza mapema ni kwamba wengi wao si yatima. Nilikuta watoto ambao mama zao wanafanya kazi za ndani humo humo mjini, na wengine ambao baba amezidiwa na pombe. Sikukuu ya mavuno ya Pongal ikifika, katikati ya Januari, wanafungasha na kwenda kwao. Kwa hiyo usimuulize mtoto wazazi wake walikufa lini. Muulize anasoma darasa la ngapi, au nani kinara wa kriketi hapo; kwa hilo la pili utapata majibu mpaka uchoke.

Halafu mapokezi. Kuna kituo ambacho ukiingia tu, wakubwa kwa wadogo wanakukimbilia, wanakukumbatia, wanagombea kushika nywele zako zilizosukwa. Wageni wengi hapo machozi huwalenga. Mimi huingiwa na wasiwasi. Mtoto mwenye mtu wake, akiona sura ngeni, kwanza hujificha nyuma ya sari ya mlezi na kuchungulia. Anayemrukia kila apitaye mlangoni mara nyingi ni yule ambaye watu wa kumlea wamebadilika mno, wakiwemo wageni wa wiki mbili walioahidi kurudi.

Ndiyo maana mimi huwatazama walezi kabla ya watoto. Pale tulipokwenda, asubuhi kabla ya shule, mlezi mmoja wanayemwita akka, yaani dada mkubwa, alikuwa ameketi kwenye ngazi na chupa ya mafuta ya nazi, wasichana wamejipanga mbele yake. Anapaka, anachana, anatenganisha katikati, anasuka mikia miwili, kisha anaikunja juu na kuifunga utepe kama shule inavyotaka. Mikono ilikwenda mbio kama ya mashine. Alipofika kwa kabinti kamoja akapunguza kasi, akashika nywele kwenye shina ndipo akachana, bila kuambiwa. Anamjua anayeumia. Sakafu inaweza kung'arishwa kwa sababu wewe unakuja, lakini jambo kama lile huwezi kuliandalia mgeni.

Simu iache mfukoni. Sheria ya India ya mwaka 2015 inayohusu ulinzi wa watoto inakataza, katika kifungu cha 74, kuanika kwenye vyombo vya habari jina, picha au chochote kinachoweza kumtambulisha mtoto aliye chini ya uangalizi wa sheria hiyo. Adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miezi 6 au faini ya rupia laki mbili, au vyote viwili. Na hata bila sheria, hivi wewe ungependa mwanao awekwe kwenye stetasi ya WhatsApp ya mtu asiyemjua?

Fedha nayo ina mambo yake. Msimamizi akikataa noti zako usinune. Mchango wa mgeni kutoka nje, hata ukiutoa kwa rupia, huhesabiwa ni fedha za kigeni, na kituo lazima kiwe na kibali cha serikali kuu kuupokea. Tangu marekebisho ya 2020 fedha hizo zinaingilia kwenye akaunti maalumu ya benki moja huko New Delhi. Anayekwepesha hilo na kukunyooshea mkono bila risiti ndiye wa kumtilia shaka.

Sisi hatukutoa hata senti. Mama mwenye nyumba ndiye aliyelipia chakula cha mchana, kumkumbuka marehemu mumewe, desturi ya kawaida kabisa pale Chennai. Kazi yangu ilikuwa kugawa wali. Nawe ukikaribishwa, vua viatu mlangoni, keti chini kwenye mstari, kula kwa mkono wa kulia. Ukishiba funika sahani kwa kiganja, la sivyo mwenye ndoo ya sambar, mchuzi wa dengu, ataendelea kumimina.