Paa la nani? Kwa wanaotaka kuhamia kwenye fleti

Tangu watu wajue kuwa mimi ndiye mshika fedha wa kamati ya jengo letu, simu hazikatiki. Anayetaka kununua fleti huuliza bei, huuliza maji yanatoka siku gani, huuliza kama gari itapata pa kulala. Anayetaka kupanga huuliza kama majirani ni watu wa kelele. Yote ni maswali ya maana. Ila hajatokea hata mmoja akaniuliza paa la jengo ni la nani, na mimi naona hilo ndilo la kwanza.

Sisi huku Zanzibar tumezoea nyumba yenye ua na ukuta wake. Bati likitoboka, unamwita fundi wako, unamlipa, basi. Fleti zilitujia baada ya Mapinduzi ya 1964: Michenzani na Kilimani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na Pemba vilevile, nenda Wete au Mkoani utaziona. Tukaziita nyumba za maendeleo. Mwenye nyumba alikuwa Serikali, kwa hiyo bomba likipasuka ngazini watu walisubiri Serikali. Sasa tunanunua fleti kwa pesa zetu wenyewe, kwenye majengo ya watu binafsi, na ile tabia ya kusubiri tumehama nayo. Taa ya ngazini ikiungua watu wanapapasa gizani mwezi mzima, kila mmoja akiamini kuna mwenyewe atakayekuja kuitia.

Mwenyewe ni wewe. Zanzibar tunayo sheria ya mambo haya, Sheria ya Kondominiamu Namba 10 ya 2010, na msingi wake ni rahisi kuuelewa: unamiliki sehemu yako ndani ya jengo, na pamoja nayo unamiliki fungu la vile vya shirika, yaani ngazi, paa, misingi, njia za maji, uwanja. Wamiliki wote kwa pamoja ndio wenye wajibu wa kuvitunza. Ukiletewa katiba ya mfano ya chama cha wamiliki na rafiki yako wa Dar es Salaam, isome upate mawazo, lakini usiinakili kama ilivyo, maana kule wanatumia sheria yao nyingine ya 2008. Nimeona katiba ya jengo la hapa Unguja imejaa vifungu vya sheria ya Bara, na aliyedaiwa alipogundua hivyo alicheka sana.

Kabla ya kuandika kanuni hata moja, chukueni daftari mzunguke jengo zima, kuanzia juu mpaka kwenye karo, yaani shimo la maji machafu, na kila mnachokiona mkiandikie mwenyewe. Kazi hii inachosha na watu watanuna. Sisi tulikwama kwenye mabomba. Maji yalikuwa yakidondoka kwenye dari ya chumba cha kulala cha ghorofa ya kwanza. Wa chini akasema ni la wa juu, wa juu akasema bomba limo ndani ya ukuta, na ukuta ni wa jengo. Fundi alipochimbua tukaona: bomba kubwa linaloshuka wima kutoka kwenye tangi lilikuwa zima kabisa, kilichooza ni kiungo cha kipande kinachoingia bafuni. Hapo hapo tukaandika: linaloshuka wima ni la wote, linaloingia kwako ni lako kuanzia kwenye koki. Ugomvi wa mabomba karibu wote umekwisha kwa sentensi hiyo moja.

Ugomvi wa paa ulikuwa mkubwa zaidi. Mvua za masika zilipoanza kupenya, kamati ikaomba mchango wa kulipaka dawa ya kuzuia maji. Mzee mmoja wa chini, mtu wa heshima zake, akasimama mkutanoni: "Wanangu, mie mvua hainifiki. Nikatengeneze paa la watu?" Watu wa chini wakaitikia. Mwenyekiti wetu ni mwalimu mstaafu wa skuli, hana papara. Akawageukia watu wa juu, ambao miezi michache nyuma walikataa kulipia gari la kunyonya karo kwa hoja kwamba harufu haiwafikii. "Basi tuandike," akasema Maalim. "Wa chini hawalipii paa, na wa juu hawalipii karo. Lakini kuanzia kesho kila wa juu atafute choo pengine." Kicheko kilikuwa kikubwa, na yule mzee alicheka kuliko wote. Jioni ile ile zilipitishwa zote mbili, paa na karo, kuwa za kila fleti.

Na paa msilifanyie mzaha. Juni 24, 2021, huko Surfside, Florida, jengo la ghorofa 12 lililo kando ya bahari, Champlain Towers South, lilianguka usiku watu wamelala, wakafa watu 98. Lilikuwa linaendeshwa na chama cha wamiliki kama hivi vyetu. Mhandisi alikuwa amewaandikia tangu 2018 kwamba zege ya uwanja wa bwawa la kuogelea imeharibika kwa maji yanayotuama juu yake. Wamiliki wakavutana juu ya gharama, na bili ilipofika mwaka 2021 ilikuwa dola milioni 15. Kasoro za usanifu na ujenzi nazo zilikuwamo, siwatupii wamiliki peke yao. Lakini sisi pia tunaishi kando ya bahari, chumvi iko hewani, na kutu ya nondo haina haraka. Ukiona zege imepasuka na doa jekundu linashuka chini ya roshani, hilo si la kupaka rangi. Mwiteni mhandisi, mumlipe, na alichoandika kisomwe mbele ya wote.

Jambo jengine linaloharibu paa ni madishi. Kila dishi lina skrubu, na kila skrubu ni tundu la maji. Sisi tumesimamisha nguzo ya chuma pembeni, mwenye dishi analifunga hapo. Zege haichokolewi.

Sasa pesa. Jengo letu lina mashine ya maji inayopandisha kutoka tangi la chini hadi matangi ya juu, na ina mita yake ya Tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla. Zamani umeme wake ulinunuliwa na yeyote aliyeishiwa maji kwanza, na huyo mara nyingi ni mwanamke mwenye watoto wachanga, ndiye anayefua kila siku. Uniti zilikuwa zikimalizika karibu na alfajiri, wanaume wanataka kutawadha, ndipo milango inagongwa. Leo mchango wa mwezi unalipa uniti, taa za ngazini, mfagizi, taka na karo, na fungu lake linawekwa benki kwa ajili ya paa na rangi. Hilo fungu la akiba ndilo watu wanalolitolea macho. Kila mkutano lazima atokee mtu wa kusema tuligawane, au tulitumie kwa futari. Wazo hilo likataeni.

Kila mtu alipe kiasi gani? Wengine hupiga kwa ukubwa wa fleti, wengine sawa kwa sawa. Mimi napendelea ukubwa kwa paa na rangi, na sawa kwa sawa kwa taa na ufagio, lakini sitagombana na anayeona vyengine. Ninachokishikilia ni hiki: fleti iliyofungwa inalipa. Tuna wenzetu wako Maskati, wengine Uingereza, wanakuja Ramadhani kwa Ramadhani, na hoja yao ni kwamba hawatumii maji. Kweli hawatumii. Ila mvua inanyesha juu ya fleti yao wakiwapo wasiwapo, na siku wakitaka kuiuza watataka bei ya jengo lililotunzwa. Kadhalika fremu za chini zilipe zaidi, kwa sababu zinaingiza wateja na taka, na mwenye fremu asithubutu kubomoa ukuta kupanua duka bila ya mhandisi kuuona kwanza. Ukuta wa chini ndio unaobeba waliolala juu.

Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walishasema. Mimi hubandika hesabu za mwezi chini ya ngazi, zilizoingia na zilizotoka, na risiti zimo kwenye faili ambalo yeyote anaweza kuligongea mlango wangu akalitazama. Majina ya wanaodaiwa sibandiki. Najua kamati nyengine wanabandika, na kweli pesa hupatikana haraka, lakini mtu unayemwaibisha kwenye ngazi utakutana naye kwenye ngazi hiyo hiyo kila siku. Deni huwa nalipeleka nyumbani kwa mtu, baada ya magharibi, mlango ukiwa umefungwa. Mara nyingi kuna jambo: mshahara umechelewa, mama yuko hospitali, mwenye nyumba amefariki na mjane yumo edani. Mwenye shida apangiwe alipe kidogo kidogo, na iandikwe.

Kuna wanaopendekeza kumkatia maji asiyelipa. Mimi siungi mkono. Ndani mna watoto na wazee, na maji hayo hayo ndiyo ya kutawadhia. Dawa ya asiyetaka kulipa makusudi ni kuwa kamati isimpe barua ya kutodaiwa anapotaka kuuza au kupangisha, na hilo liandikwe kwenye katiba mapema. Mnunuzi mjanja haweki pesa bila ya barua hiyo. Na deni ni la mwenye fleti, si la mpangaji. Wakikubaliana wao wenyewe mpangaji alipe, hayo ni yao.

Kanuni za tabia ni chache kuliko watu wanavyodhani. Kijana wetu mmoja alituletea kanuni alizozitoa kwenye intaneti, za mtaa wa nyumba huko Marekani: majani ya mbele ya nyumba yasizidi urefu fulani, rangi ya mlango iombewe ruhusa, nguo zisianikwe zikaonekana. Hatuna hata unyasi mmoja hapa, ni vumbi na saruji. Na nguo tuzianike wapi? Andikeni kanuni za ugomvi mnaoujua nyinyi. Kwetu ulikuwa kinu. Mtu wa ghorofa ya tatu akitwanga, wa ghorofa ya pili taa inacheza darini. Hatukukataza kutwanga, nani atakataza? Tuliweka vinu viwili chini, nyuma ya ngazi, kwenye sakafu iliyo juu ya ardhi, na sasa Ramadhani ikikaribia hapo ndipo penye mazungumzo yote ya jengo. Harusi na khitma: turubai lifungwe uwanjani, taarifa itolewe siku tatu kabla, na njia ya gari la wagonjwa ibaki wazi. Mbuzi wa Idi wanachinjwa pembeni ya ukuta wa nyuma, na aliyechinja anasafisha siku hiyo hiyo. Ndugu zangu wa Wete wana mzozo ambao sisi hatunao: msimu wa karafuu, nani atandike jamvi kwenye uwanja wa mbele na kwa siku ngapi.

Penye uzito siku hizi ni wageni wa usiku mbili tatu. Mwenye fleti anaiweka kwenye mtandao, funguo inaachwa kwenye kijisanduku, na wewe unakutana ngazini na mtu usiyemjua amevaa nguo ya pwani, watoto wako wanatoka madrasa. Kukataza moja kwa moja kumeshindikana penye majengo mengi, maana pesa ni nzuri. Sisi tumemtaka mwenye fleti awe na mtu wake aliye hapa Unguja mwenye simu inayopokelewa, ampe mgeni karatasi ya masharti pamoja na funguo, vazi la ngazini likiwa la kwanza, na mchango wake uwe mkubwa zaidi kwa maji na taka. Jina la huyo mtu wake tunalipeleka pia kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, ili usiku likitokea jambo isiwe kutafutana.

Nikimtaja sheha: mpeni nakala ya katiba yenu na mumwombe awasuluhishe pale mtakaposhindwana, lakini msimfanye mkusanya michango. Ana shehia nzima.

Ewe unayetaka kununua, basi, kabla hujatoa arbuni omba uone mambo haya: katiba ya chama, hesabu za mwaka uliopita, salio la akiba benki, na barua kwamba fleti unayoitaka haidaiwi. Ukiambiwa chama hakipo bado, kitaundwa, uliza nani anashika pesa sasa hivi na taja jina lake kwenye mkataba. Halafu panda juu ya paa, ikiwezekana siku ya mvua, uangalie maji yanakwenda wapi.