Mpira ukiwa kwa mwingine: ninachowaambia vijana wafungaji kuhusu Jimmer Fredette

Mwezi uliopita kijana mmoja ninayemfundisha alimaliza mechi akiwa na pointi 41. Hajavua hata viatu, akanifuata na karatasi ya takwimu mkononi. "Kocha, nikipata chuo Marekani nikafunga hivihivi, NBA si watanichukua?"

Nilimwambia akae. Swali hilo nililibeba mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wake, na sikuwa na mtu wa kunijibu. Nilichomweleza jioni ile nakiandika hapa kwa ajili ya wengine, na wazazi wao pia, kwa sababu wazazi wengi wa Dar wakisikia NBA wanamkumbuka Hasheem Thabeet, aliyetoka Chuo Kikuu cha Connecticut na kuchaguliwa wa pili kwenye drafti ya mwaka 2009, yaani siku ambayo timu za NBA huchagua wachezaji wapya kwa zamu, kisha wanadhani yote ni urefu. Mtoto wa futi sita na inchi mbili ana njia yake nyingine, na ina mitego yake.

Nilifika Utah mwaka 2010 kwa ufadhili wa masomo, chuo kidogo cha miaka miwili. Nilikuwa natoka viwanja vya Upanga, sijawahi kuona theluji, na jimbo zima lilikuwa na jina moja tu mdomoni. Jimmer Fredette wa BYU, Chuo Kikuu cha Brigham Young, pale Provo. Kijana mweupe kutoka mji mdogo wa Glens Falls, New York, hana kimo cha kutisha wala miguu ya kuruka sana, lakini akivuka tu nusu ya uwanja wapinzani wanaanza kupata wasiwasi. Alikuwa anatupa akiwa hatua mbili tatu nyuma ya mstari wa pointi tatu kana kwamba mstari haupo.

Usiku wa tarehe 26 Januari 2011 tulijazana bwenini mbele ya televisheni. San Diego State walikuja Provo wakiwa na mechi 20 bila kupoteza hata moja, na Kawhi Leonard, nyota wa baadaye wa NBA, wakiwa naye. BYU wakashinda 71 kwa 58. Fredette peke yake alifunga 43, wenzake wote kwa jumla 28. Machi akawatia New Mexico pointi 52. Msimu ukaisha na wastani wake ukiwa 28.9, wa kwanza nchi nzima, na tuzo kubwa za mchezaji bora wa vyuo akazibeba yeye.

Mimi nilikuwa namba moja wa timu yetu, kazi yangu kuchezesha wenzangu. Baada ya usiku ule niliamua nitacheza kama Jimmer. Nilianza kung'ang'ania mpira, nikaita skrini, yaani mwenzangu asimame kumziba anayenikaba, kila tunaposhambulia, na kwa kuwa timu yetu haikuwa na mfungaji mwingine, kocha akaniachia. Msimu uliofuata nikamaliza na wastani wa pointi 22. Nilipiga simu nyumbani nikamwambia mama mambo yameiva.

Wakati huohuo Fredette alikuwa ameingia ligi. Katika drafti ya 2011 alichaguliwa wa 10 na Milwaukee, na usiku huohuo akapelekwa Sacramento. Nawaomba vijana wangu wayakariri majina yaliyomfuata. Wa 11, Klay Thompson. Wa 15, Leonard yuleyule aliyefungwa Provo. Na wa 60, wa mwisho kabisa, Isaiah Thomas, ambaye naye alichukuliwa na Sacramento.

Mwaka ule wamiliki wa timu na wachezaji walikuwa na mgogoro wa mkataba, ligi ikaanza Desemba 25, na maandalizi yakawa ya kukimbizana. Mechi saba tu, Sacramento wakamfukuza kocha Paul Westphal na kumweka Keith Smart. Ndani ya timu kulikuwa na Tyreke Evans na Marcus Thornton, watu ambao nao wanataka mpira mkononi. Kabla msimu haujaisha, yule wa 60 alikuwa ndiye anayeanza kama namba moja. Fredette alimaliza mwaka wake wa kwanza na wastani wa pointi 7.6. Februari 2014 timu ikavunja naye mkataba. Akaenda Chicago, New Orleans, akajaribu San Antonio wakamwacha kabla ya msimu kuanza, akapata mkataba wa siku kumi New York.

Watu wengi wanaishia hapo na kusema hakuwa na uwezo. Nawaomba waangalie msimu wake wa mwisho Sacramento. Kwa dakika chache alizopewa, karibu nusu ya mitupo yake ya pointi tatu iliingia, kiwango ambacho watupaji wakubwa wanakitamani. Mkono ulikuwa uleule wa Provo. Kilichobadilika ni kazi. Chuoni mpira ulianza kwake na mara nyingi uliishia kwake, wenzake wakimwekea skrini hadi aone upenyo. Kule alitakiwa asimame kona, mashambulizi manne yapite bila kugusa mpira, la tano liletwe, atupe papo hapo mwili umepoa. Na akirudi nyuma, amkabe mtu mwenye kasi kuliko yeye. Hakuwa na miguu ya kutosha kwa hilo la pili, na la kwanza hakuna aliyewahi kumwomba alifanye kabla ya hapo.

Sasa mwangalie jirani yake wa drafti. Klay Thompson naye alikuwa mfungaji bora wa ukanda wake alipokuwa Washington State, hakuwa mtu wa kukaba tu. Lakini alijua kucheza bila mpira. Tarehe 5 Desemba 2016 alifunga pointi 60 dhidi ya Indiana ndani ya dakika 29, na usiku mzima aliudunda mpira mara 11 tu. Ukijumlisha muda wote mpira uliokaa mikononi mwake, ni kama sekunde 90. Mara ya kwanza niliposikia hesabu hiyo nilinyamaza kwa muda, kwa sababu mimi sekunde 90 nilikuwa nazimaliza mwanzoni tu mwa robo ya kwanza.

Hilo nililijua nimeshachelewa. Baada ya chuo nilipata timu Ulaya, ligi ya daraja la pili. Mazoezi ya kwanza kocha alisimamisha mchezo, akamwambia mkalimani aniambie neno moja: usidunde. Timu ilikuwa na namba moja wake, mwenyeji, miaka 33, anayejua kila kitu. Walinitaka nikimbie kwenye skrini, nipokee, nitupe au niachie, kisha nikabe. Nilikuwa natupa nikiwa sijatulia, nakabwa nikiwa nimesimama, na kila anayenipita anafunga. Miezi mitatu, wakaniita ofisini. Mishahara ya miezi miwili sikuiona hadi leo.

Kwa hiyo kijana wangu wa pointi 41 nilimpa mazoezi, na yeyote mwenye mkono mzuri anaweza kuyachukua. La kwanza: siku mbili kwa wiki unacheza ukiruhusiwa kudunda mara mbili tu kila unapopata mpira. Wiki ya kwanza utajiona huna maana uwanjani. Vumilia, maana macho yanaanza kuona wapi pa kusimama kabla mpira haujafika. La pili, hili nililibuni kutokana na maumivu yangu: kaa benchi dakika kumi kamili, mwili upoe, usiguse mpira. Kisha simama, tupa mitano tu. Andika iliyoingia. Rudi ukae. Kutupa mia mfululizo ukiwa na jasho ni raha, lakini mchezaji mpya anayeingia robo ya tatu hapewi mia. La tatu ni ulinzi, na hapo sina ujanja wa kukufundisha kwa maandishi. Chagua mchezaji mmoja mkali kwenye ligi yenu, mwombe kocha umkabe wewe, na ukubali aibu ya mechi za mwanzo.

Na kabla hujasaini popote, uliza nani anashika mpira kwenye timu hiyo. Uliza kwa heshima, lakini uliza. Uliza pia mkataba wa kocha unaisha lini, kwa sababu anayekutaka leo anaweza kuondoka baada ya mechi saba. Kuhusu fedha, hakikisha mkataba una kipengele kinachosema mgogoro utapelekwa BAT, baraza la usuluhishi wa kikapu linalotambuliwa na FIBA, shirikisho la kikapu duniani, ambalo makao yake ya kisheria yako Geneva. Mkataba wangu haukuwa nacho. Wakala wangu hakunieleza na mimi sikuuliza, nilikuwa natazama tarakimu ya mshahara tu.

Kuna jambo moja la Fredette ninalolipenda kuliko pointi zake. Januari 2007, akiwa bado sekondari, kaka yake TJ alimwandikia mkataba kwenye karatasi: kwamba atafanya kazi na kujinyima kila kinachotakiwa ili afike NBA. Akausaini na kuubandika chumbani. Kaka huyohuyo alikuwa akimpeleka ukumbi wa kanisani, wanazima taa, anadunda mpira gizani kwenye korido huku watu wakimrukia. Aliutimiza mkataba ule, maana alifika. Ila ulikuwa unaishia kwenye kufika. Vijana wangu nao wanaandika karatasi zao, na nimewaomba waongeze mstari wa pili: nikishafika, nitakuwa nafanya nini mpira ukiwa kwa mwingine?

Sikubali anapoitwa mfano wa kushindwa. Mwaka 2016 alikwenda China, timu ya Shanghai Sharks iliyokuwa mali ya Yao Ming, nyota wa zamani wa NBA. Pale mpira ulirudi mikononi mwake, na msimu wa kwanza wastani wake ukapita pointi 37, akatajwa mchezaji bora wa kigeni wa ligi. Alifunga 73 katika mechi moja mwaka 2017, na 75 katika nyingine mwaka 2018. Wachina walimpa jina linalocheza na matamshi ya Jimmer, lenye maana ya mungu mpweke. Mwaka 2019 Phoenix wakamrudisha NBA, akacheza mechi sita. Kisha Ugiriki na Panathinaikos, waliokuwa mabingwa wa nchi msimu huo wa 2019-20.

Halafu akapata mchezo uliomkaa sawasawa: kikapu cha watatu kwa watatu. Nusu uwanja, goli moja, dakika kumi au pointi 21. Hapa ndipo hesabu inapovutia. Kwenye mchezo wa kawaida mtupo wa mbali ni tatu na wa karibu ni mbili, yaani wa mbali unazidi kwa nusu. Kwenye watatu kwa watatu wa mbali ni mbili na wa karibu ni moja, yaani unazidi maradufu. Mkono wa Fredette ulipanda thamani akiwa na miaka 34, bila yeye kubadilika. Mwaka 2023 alipata medali ya fedha ya Kombe la Dunia la mchezo huo pale Vienna, na dhahabu ya Michezo ya Pan American kule Santiago. Olimpiki ya Paris 2024 aliumia mechi ya pili, na timu yake haikufika mbali bila yeye. Mwaka 2025 akatangaza kustaafu.

Ndiyo maana nikimsikia mzazi anasema "NBA au basi" namwomba tukae tena. Siku hizi kuna BAL, ligi ya kikapu ya klabu za Afrika, iliyoanzia Kigali mwaka 2021, karibu na nyumbani kabisa, na timu za Rwanda, Burundi na Uganda zimeshacheza. Watatu kwa watatu unahitaji goli moja na watu wanne kwa timu, akiwemo wa akiba. Nami katika umri ule nisingekubali kusikia hayo, nayajua hayo, ndiyo maana simlazimishi yeyote. Namwomba tu ajifunze kazi ya pili mapema, wakati bado hakuna anayemfukuza.

Jumamosi iliyopita yule kijana alifunga pointi 14. Mama yake, ambaye hakosi mechi, alinifuata nje ya uwanja na wasiwasi. "Kocha, mtoto anaumwa?" Nikamwonyesha karatasi. Mfungaji wa timu pinzani, ambaye mechi iliyotangulia alipata 27, mara hii alitoka na 6, na aliyemkaba tangu mwanzo hadi mwisho ni mwanawe. Mama aliisoma mara mbili, akaomba aende nayo nyumbani.