Je, Waayalandi ni uzao wa Israeli?

SWALI: Mchungaji, Bwana asifiwe. Naishi Dublin, mume wangu ni mwenyeji wa huku. Tunakosali wanafundisha kwamba nabii Yeremia alimleta binti wa mfalme Sedekia wa Yuda, Tea Tephi, hadi kilima cha Tara huku Ayalandi, pamoja na jiwe ambalo Yakobo alilalia kichwa, kwa hiyo Waayalandi ni Israeli kwa damu. Mwanangu ameniuliza kama yeye ni nusu tu ya taifa la Mungu. Nimjibu nini?

JIBU: Asifiwe sana, dada yangu. Swali la mtoto huyo limeniuma.

Yeremia 43 inasema nabii alichukuliwa pamoja na binti za mfalme hadi Tahpanesi, Misri. Safari ya Ayalandi haimo kabisa. Imetungwa karne ya 19. Hata Tea wamemnyang'anya ukoo wake: katika simulizi za Kiayalandi yeye ni mke wa Érimón, mfalme wa kale wa simulizi hizo, na binti wa Lugaid. Sedekia hajulikani humo.

Watakuonyesha Lebor Gabála Érenn, kitabu cha simulizi za asili ya Waayalandi kilichokusanywa na watawa karne ya 11. Ni kweli, kinasimulia kwamba Musa alimponya Gaidel Glas, anayetajwa kuwa babu wa Waayalandi na mwana wa Scota binti Farao, alipoumwa na nyoka. Lakini kinahesabu ukoo wa Gaidel hadi kwa Yafethi! Israeli ni uzao wa Shemu. Anayekitumia kama ushahidi hajakisoma.

Na fundisho hili limeleta hasara. Kati ya 1899 na 1902 wafuasi wake kutoka Uingereza walichimbachimba kilima cha Tara wakitafuta Sanduku la Agano. Hawakulipata. Waliharibu boma la kale, na Waayalandi wenyewe, mshairi Yeats miongoni mwao, wakapaza sauti kuwapinga. Ndiyo matunda ya zile "nasaba zisizo na ukomo" ambazo Paulo alimwonya Timotheo.

Wagalatia 3:29: "Na kama ninyi ni wa Kristo, basi, mmekuwa uzao wa Ibrahimu." Mtoto wako hana nusu.

Sasa jioni moja kaeni watatu, wewe, baba yake na yeye, msome kitabu cha Ruthu. Mmoabi yule aliolewa na Mwisraeli, akazaa Obedi, na Obedi ndiye babu yake Daudi. Mwache mtoto aulize maswali. Baba yake usimwaibishe mbele yake. Zungumzeni pembeni, kwa upole, maana huenda naye alifundishwa hayo tangu utotoni. Lakini mkiona mtoto anaendelea kupimwa kwa damu hapo mnaposali, mtoeni, mtafute kanisa jingine. Usingoje aanze kumwonea haya mama yake.