Kwa Mshairi Anayeona Haya Kumwita Mungu Mpenzi

Msomaji mmoja wa Kondoa ameniandikia akiuliza kama ni dhambi kumtungia Mungu shairi linalosomeka kama barua ya mpenzi. Namjibu hadharani, kwa kuwa wengi tunaotungia kwaya mkoani Dodoma tunalo swali hilo moyoni.

Shairi langu la namna hiyo lilikataliwa na kamati ya usharika mmoja kwa maelezo kwamba “lina tamaa”, na neno hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu waliolitamka wanayo Biblia yenye Wimbo Ulio Bora, unaoanza kwa kuomba busu, na sisi tunaoishi jirani na mashamba ya zabibu ya Hombolo ndio tungepaswa kuuelewa upesi, maana wapenzi wake hualikana kwenda kutazama kama mizabibu imechanua. Bernard wa Clairvaux, mtawa mwenye nadhiri ya useja, alianza kuuhubiri mwaka 1135, na alipofariki mwaka 1153 alikuwa ameacha mahubiri 86 bila kuvuka mwanzo wa sura ya tatu kati ya nane. Je, naye alikuwa na tamaa? Shairi langu hilohilo limesomwa majuzi katika ibada ya ndoa, na wazee wakaomba lirudiwe.

Ushauri wangu ni huu: ukishaichagua taswira ya mapenzi, kaa ndani yake hadi mwisho. Yohane wa Msalaba, mtawa na mshairi wa Hispania aliyefungwa na watawa wenzake mjini Toledo mwaka 1577, ana shairi la beti 8 kuhusu mwanamke anayetoka nyumbani usiku kwa siri, akamfuata mpenzi wake, hadi mpenzi huyo akalala kifuani pa mwanamke, na Mungu hatajwi humo hata mara moja. Ufafanuzi wa kiteolojia aliuandika kando, kwa nathari. Wewe usichomeke “yaani Yesu” katika kila kituo kwa kuiogopa kamati. John Donne, mshairi wa Uingereza, alithubutu zaidi, akamwambia Mungu kwamba ameposwa na adui Yake, akamsihi aivunje posa hiyo na kumtwaa kwa nguvu.

Tuache, ndugu zangu, kumpa Mungu mapenzi yaliyopoa ilhali moto wote tunawawekea wanadamu. Yeye ndiye aliyeuwasha.

Nawe wa Kondoa, usifute ubeti wa pili wa shairi lako. Huo ndio wenye uhai.