Valvu ya kupunguza presha si bure

Husemwa kwamba kushusha presha ya mvuke kwa valvu hakupotezi kitu. Joto halipotei, kweli, lakini umeme ambao mvuke huo ungezalisha unapotea. Mvuke wa boila ya kiwanda cha sukari ukishuka kutoka baa 45 na nyuzi 440 hadi baa 2.5 za kuchemshia juisi, kila tani inayopitia tabaini (mashine inayozungushwa na mvuke kuzalisha umeme) badala ya valvu inatoa kama kWh 100 hadi 120. Valvu ibaki ya dharura tu. Ipimeni joto wakati imefungwa: bomba lake upande wa chini likiwa moto kuliko mvuke unaotoka tabaini, kiti chake (sehemu inayozibwa valvu ikifungwa) kimelika, inavujisha. Ila mvuke unaotoka tabaini ukizidi mahitaji na kuanza kumwagwa hewani paani, hesabu inageuka. Punguzeni mzigo wa tabaini, kisha linganisheni bei ya umeme wa gridi na ya makapi ya miwa mnayochoma.