Re: Nguzo za msingi kugongwa kinyundo, inatosha?

Mkuu, umeuliza kama kile kinyundo walichogongea vichwa vya nguzo za zege zilizozama ardhini kinathibitisha kila moja inabeba tani 100. Hapana. Kinaonyesha tu kama zege lina ufa au limebanwa kiuno (limekuwa jembamba) huko chini. Uwezo wa kubeba hakiupimi.

Dai jaribio la mzigo. Jeki ya haidroliki inakandamiza nguzo, juu yake ikizuiwa na boriti nzito ya chuma iliyofungwa kwenye nguzo za pembeni, au na lundo la vitalu vya zege. Kwa nguzo ya kazi kama yako, yaani itakayobeba jengo lenyewe, si ya majaribio tu, kawaida mzigo hupandishwa kwa hatua hadi tani 150, kisha unashushwa. Geji za kusomea kuzama zikae kwenye fremu inayojitegemea, mbali na lundo. Hapo ndipo uchakachuaji huanzia, kasimame mwenyewe uone.